Wazee Wawili na Mlango Mmoja

Ninyi mnaoanza kazi ya kutunza wazee, nianze na jambo ambalo huenda hamkuambiwa darasani: mtaogopa. Mimi niliogopa tangu siku nilipofunga aproni yangu ya kwanza mpaka siku nilipoirudisha. Sikuogopa vidonda, wala nguo chafu, wala kuosha maiti. Niliogopa kufungua mlango wa chumba cha wazee wawili na kukuta mmoja amemuumiza mwenzake. Wafanyakazi wenzangu walinicheka, wakaniita Mama Riziki Mwoga. Nami niliwajibu kuwa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Leo nimestaafu, meno yangu yanahesabika na magoti yananisuta kila nikiinuka, na bado nasema woga ule ndio ulionifundisha kazi.

Watu wakisikia mzee amepigwa, haraka wanamtazama mfanyakazi. Ni haki watutazame. Lakini ninyi mtazame pia upande mwingine, kwa sababu wazee nao wanaumizana, na anayeumizwa hasemi.

Nilianza Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, katika nyumba ya udongo ambayo Wakristo wa kanisa letu waliijenga kwa ajili ya wazee wasio na mtu. Aliyenifundisha aliitwa Mama Zawadi, mwanamke mfupi kutoka Uvira kama mimi, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Pale nje kulikuwa na benchi moja tu lililopata jua la asubuhi, na mnajua baridi ya Nakivale ukungu unapopanda kutoka ziwani. Bibi Nabintu na Bibi Kankindi walikuwa wakikaa pale bega kwa bega, na sisi tulifurahi kuona Mkongomani na Mrundi wanavyopendana.

Asubuhi moja nilipokuwa nikimvisha Bibi Kankindi, niliona mkono wake una alama nyeusi kutoka kwenye kiwiko mpaka begani. Nikamwita Mama Zawadi.

"Bibi, nani alikufinya?" Mama Zawadi akamuuliza.

"Hakuna mutu. Nilijigonga ku kitanda."

Mpishi aliyekuwa akipita akacheka, akasema vyombo vikiwa pamoja havikosi kugongana. Mama Zawadi hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Mama Riziki, kinywa cha muzee kinaweza kuficha. We angalia macho. Macho yalienda fasi gani wakati nilimuuliza?"

Yalienda kwenye benchi, alikokaa Bibi Nabintu. Kumbe Bibi Nabintu alikuwa akimfinya mwenzake polepole, kila siku, ili asogee ampishe kwenye jua. Nilitaka nikamgombeze palepale. Mama Zawadi akanishika kanga.

"Utamugombeza, na kesho atafinya fasi penye hauoni. Enda utafute benchi ingine."

Nikaenda kuomba benchi kanisani. Ufinyaji ukaisha siku hiyohiyo, na wale bibi wakarudia kutaniana juu ya nani alipika sombe, yale majani ya mihogo, vizuri zaidi ujanani. Ndiyo maana nawasihi msiseme mbele yangu kwamba wazee ni watoto. Mtoto akifinywa hulia mpaka kijiji kizima kisikie. Mzee aliyefinywa hukuambia kitanda ndicho kilichomfinya.

Baadaye nilihamia Biharwe, nje kidogo ya mji wa Mbarara, kwenye njia kuu ya kwenda Masaka, kulikokuwa na nyumba kubwa ya wazee. Ilikuwa na sakafu ya simenti, vitanda vya chuma, na milango ya mbao yenye vitasa. Nilipofika nilijiona nimepanda cheo. Walikuwamo wazee wa Mbarara wenyewe, na wengine walioletwa kutoka Nakivale kwa sababu ya ugonjwa. Nesi wetu aliitwa Peace, binti wa kule Bwizibwera, mcheshi, mwenye mikono myepesi. Kiswahili chake alikiokota sokoni na kwa mjomba wake aliyekuwa askari. Tulipendana kama ndugu, ingawa alinicheka kila mara nilipouita ugali bugali, maana kwao ni posho.

Katika chumba cha mwisho, karibu na vyoo, walilala wazee wawili. Mmoja ni Mzee Yoramu, mkulima Mkongomani wa huko Fizi, mtu mrefu aliyepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakamkimbia. Alikuwa anaelewa kila kitu, lakini akitaka maji anasema "to, to", akitaka chakula anasema "to, to", na machozi ya hasira yanamtoka. Mwingine ni Mzee Balthazar, Mrundi wa Rumonge, ambaye zamani aliuza mawese. Huyu alikuwa na nguvu za mwili, tatizo lilikuwa kichwani. Alikuwa anasahau. Asubuhi alikuwa mtu wa rozari na salamu nzuri, alinibariki mimi na watoto wangu wote. Kadiri siku ilivyosogea alibadilika, na ilipofika saa kumi alasiri alikuwa hajui yuko nchi gani.

Nilianza kuona alama kwa Mzee Yoramu. Mara begani, mara kwenye kiganja, kama mtu aliyeinua mkono kujikinga. Nilimuuliza nani, akasema "to". Nikayafuata macho yake kama nilivyofundishwa, nayo yakaenda kwenye mlango. Sikuelewa. Nilitegemea yaende kwenye kitanda cha Balthazar, au kwenye fimbo ya Balthazar, ile fimbo nzito ya mti mweusi aliyolala nayo. Yalikwenda mlangoni na kubaki pale.

Halafu akaanza kugoma kurudi chumbani. Ukimwongoza kutoka chooni, akifika karibu na mlango anashika nguzo ya baraza kwa mkono wake mmoja mzima na kutetemeka. Mtu mkubwa vile, aliyelima mashamba ya mihogo ya kulisha nyumba kumi! Nilimshika kiuno nikausikia moyo wake unavyopiga. Mimi mwenyewe niliogopa, na ningali nahofia ninapoandika haya.

Tukajitahidi kumsindikiza kila wakati. Mimi nilipomsindikiza hakuna kilichotokea. Tuliingia, Mzee Balthazar akatukaribisha vizuri, nikamlaza Yoramu, nikatoka. Nilianza kujidanganya kwamba mambo yametulia. Siku moja mvua kubwa ilinyesha baada ya chakula cha mchana, sote tukakimbilia kuanua mashuka. Mzee Yoramu akatoka chooni peke yake. Niliporudi na shuka begani nilimkuta sakafuni, nusu ndani nusu nje ya chumba, damu inatoka juu ya sikio. Mzee Balthazar alikuwa amesimama juu yake na fimbo. Sitasahau uso wake. Nilitarajia kuona hasira. Alikuwa analia, na suruali yake imelowa.

Peace alimshona Yoramu kwa mikono iliyotulia, kisha akanivuta nyuma ya jiko.

"Mama Riziki, mimi nasikia woga," aliniambia. "Hii mzee ya Burundi itamaliza hii ingine. Banange, jamani, mimi nilisomea dawa, sikusomea vita."

Ofisini kila mtu alikuwa na jibu. Mmoja alisema ni chuki ya makabila, tuwatenganishe Warundi na Wakongomani. Mwingine akataka Mzee Balthazar afungwe kitandani kila saa za alasiri. Mwingine akasema apewe vidonge alale. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa, na kumhamishia Balthazar kwa mzee mwingine kungekuwa kuhamisha fimbo tu. Msimamizi, mtu wa haki lakini mwenye haraka, akaamua kwamba gari la Nakivale likija mwisho wa juma, Mzee Balthazar arudi nalo.

Arudi kwa nani? Nilikuwa naijua nyumba yake. Mke hakuwa naye, mvua ilibomoa ukuta, majirani walihamia mbali, upande wa Juru. Mtu asiyejua yuko nchi gani, peke yake, karibu na ziwa. Nikakaa kwenye ngazi za jiko nikijiambia: akibaki, Yoramu atauawa; akienda, Balthazar atakufa. Niliomba Mungu, na nakiri sikujua nimwombe lipi.

Kesho yake alasiri Peace akaja na shauri. Alitaka tumchungulie Mzee Balthazar akiwa peke yake, tuone kinachomtia hasira. Tukavua viatu. Tukatembea barazani kama wezi wa kuku, yeye mbele, mimi nyuma. Akashika kitasa, akafungua mlango taratibu bila sauti yoyote, akaingiza kichwa.

Fimbo ilishuka. Ilipiga fremu ya mlango, karibu kabisa na paji la Peace, na vipande vya rangi vikaturukia. Peace alipiga kelele. Fimbo ikapanda tena. Mimi sikufanya kitu chochote cha ushujaa, msije mkanisifu. Nilikuwa nimejibanza ukutani nimefumba macho, na kinywa changu kikasema chenyewe kitu ambacho kimezoea kusema mbele ya nyumba ya mtu:

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Nikafumbua macho. Fimbo ilikuwa inashuka polepole. Mzee Balthazar alivuta pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Ego, ndiyo, karibu," akasema. "Karibu, Mama Riziki. Hata mimi nilikuwa nasema, mbona leo wanaingia ingia tu? Hodi hawasemi. Mi nawajua watu wanaoingia bila hodi."

"Ni watu gani hao, mzee?"

Alikaa kitandani. Akashika rozari lakini hakusali.

"Rumonge waliingia hivyo hivyo. Mlango ulifungwa kwa kamba tu. Mi nilikuwa nyuma ya madebe ya mawese. Mana yanje, Mungu wangu. Mke wangu alikuwa mbele."

Hakuendelea. Nami sikumwuliza tena, wala siku hiyo wala siku nyingine. Kuna maswali yasiyosaidia matunzo ya mtu, yanashibisha masikio yako tu.

Hapo mimi na Peace tulielewa. Kule Nakivale mlango mara nyingi ni turubai au kitambaa. Huwezi kukigonga, kwa hiyo unasimama nje unaita hodi, unangoja, na hata mtoto anajua hivyo. Niliondoka nayo mdomoni mwangu mazoea hayo nikayaleta Biharwe bila kufikiri, ndiyo maana nilipomsindikiza Yoramu hakupigwa. Wenzangu wa pale waliingia vyumbani wakisukuma mlango kwa nyonga, sahani mikononi, lakini waliingia wakipiga soga na kucheka, hivyo mzee aliwasikia wangali mbali. Yoramu peke yake ndiye aliyeingia kimya. Hakuwa na hodi. Hodi yake ilichukuliwa na kiharusi. Kila alasiri Mzee Balthazar alimwona mtu mrefu amesimama mlangoni haneni neno, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Msifikiri mambo yaliisha hapo. Tulimweleza msimamizi, akaahirisha ile safari ya gari, lakini akasema akisikia damu tena hatangoja gari. Tukaenda haraka kwenye jibu la kwanza: Yoramu agonge mlango kwa fimbo yake ya kutembelea kabla ya kuingia. Nilimwonyesha, akagonga, ko, ko, ko. Tulipofungua, Mzee Balthazar hakuwapo. Tulimkuta chini ya kitanda, amejikunja, rozari mdomoni asipige kelele. Ilibidi nilale sakafuni kando yake muda mrefu ndipo akakubali kutoka.

"Hii ya kugonga tuache," Peace alisema huku anamfuta jasho. "Tumefanya mbaya."

Kugonga nako kulimkumbusha wale watu wa Rumonge. Alihitaji sauti ya mtu inayojitaja. Na mwenye kuhitaji kuitoa alikuwa na "to" moja tu.

Peace ndiye aliyekumbuka. Tulikuwa tunamenya matoke, akaacha kisu.

"Lakini Sunday anaimba."

Ni kweli. Kila Jumapili tulipoanza nyimbo, Mzee Yoramu aliimba besi, maneno yote, wazi kabisa, kama mtu asiyeumwa. Sisi tulizoea kumtania kwamba ni mvivu wa kuongea, kwenye nyimbo hana uvivu. Peace akasema aliwahi kuona wagonjwa wa namna hiyo hospitali, maneno ya kusema yanapotea na ya kuimba yanabaki. Tulikuwa tumeyasikia kila Jumapili na kuyafanya mzaha.

Basi nikatunga wimbo. Si wimbo wa kujivunia, ni mstari mmoja: "Hodi wenye nyumba, ni mimi Yoramu." Niliupa mwendo wa polepole kama wanavyoimba kwaya za kwetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tukakaa chini ya kibanda cha kuni kila asubuhi, mimi naanza, yeye anadaka. Nikinyamaza, naye ananyamaza. Akijaribu kusema bila kuimba, inatoka "to", anapiga paja lake kwa hasira. Wapishi walitucheka wakasema Mama Riziki amepata mchumba. Nikawaambia wakae wakijua mahari ni ng'ombe wa Endiinzi, wa pembe ndefu. Wakati huo wote hatukumwacha aingie peke yake hata mara moja. Pia tuligeuza kitanda cha Balthazar ili auone mlango akiwa amelala. Fimbo hatukumnyang'anya, kwa sababu kumnyang'anya mzee fimbo ni kumvua nguo. Nilimwomba aniazime ile nzito kwa ajili ya magoti yangu, nikamwachia yangu ya mwanzi. Akanionea huruma, akanipa.

Siku ya kujaribu ilifika, alasiri, saa zake mbaya. Nilisimama nyuma ya Mzee Yoramu, Peace pembeni na sanduku la dawa. Tulikubaliana nisianzishe wimbo, maana sitakuwapo siku zote. Mzee akashika nguzo ya baraza kama kawaida, akaiacha. Akasogea mlangoni. Akafungua kinywa, hakuna kilichotoka.

Ndani tukasikia kitanda kikilia. Mzee Balthazar alikuwa anainuka. Tukasikia miguu yake mitupu kwenye simenti, inakuja. Niliutaka ule mstari uniponyoke mdomoni, nikauma kanga. Yoramu alifumba macho.

"Hodiii..." Sauti ya chini kabisa, ya besi. "Hodi wenye nyumba, ni mimi Yoramu."

Miguu ikasimama.

"Ni nani?"

"Ni mimi Yoramu," akaimba tena.

"Ingia, ndugu yangu, ingia upesi," Mzee Balthazar akasema. "Halafu funga mlango. Huko nje kuna watu."

Peace alilia waziwazi. Baadaye zilikuwapo siku mbaya, Yoramu akisahau wimbo na mwanzi ukamgusa bega, lakini damu hatukuiona tena. Waliishi chumba kile mpaka Mzee Yoramu alipofariki kwa homa ya mapafu, kitandani mwake, mwenzake akimsomea rozari ingawa marehemu hakuwa Mkatoliki. Kwa muda mrefu baada ya mazishi Mzee Balthazar aligeukia mlango kila alasiri na kusema karibu, karibu, na tulilazimika kumjibu sisi.

Nilichotaka mkichukue ni hiki. Mkikuta mzee amempiga mwenzake, mlindeni aliyepigwa kwanza, hapo hapana mjadala. Kisha rudini kwa aliyepiga mkatafute anaogopa nini, kabla ya kutafuta kamba na vidonge. Mara nyingi yeye ndiye anayeogopa kuliko wote nyumbani. Na msingoje damu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kazi hii ni jeneza.

Sasa naishi Nakivale tena, kwa binti yangu Sifa. Wameniandikisha kwenye nyumba ya wazee, kitanda kikipatikana nitakwenda, na nitalala chumba kimoja na bibi nisiyemjua. Nimeanza kusahau. Siku hizi namwita Sifa kwa jina la dada yangu aliyebaki njiani tulipokimbia. Juzi alasiri aliniletea uji. Alidhani nimelala, akanyata asiniamshe, kwa upendo tu. Alipoinama kuweka kikombe akaniona nimekaa wima, na ile fimbo nzito ya Mzee Balthazar iko juu mkononi mwangu. Sikumpiga. Lakini sijui nani aliiinua, na sikumtambua mwanangu mpaka alipolia, "Mama, ni mimi!"

Naogopa. Simwogopi yule bibi nitakayelala naye, naogopa mkono wangu. Kwa hiyo mtakapopangiwa chumba changu, msiniangalie kama aliyekuwa mwalimu wenu. Fimbo hii niombeni mapema niwaazime, nipeni ya mwanzi. Mfundisheni mwenzangu kusema hodi, hata kama itabidi aimbe. Nanyi hata kama mlango uko wazi, hata kama mnaniona nimekaa palepale nawatazama, simameni nje mseme hodi. Nisipojibu, semeni tena. Msiingie mpaka mnisikie nikisema karibu.